Mama Mkwe, Binti Yako Hajui Mahali pa Chumvi

Kumb. Na. NYB/JIKO/MKWE/1

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

YAH: UPUNGUFU WA MAFUNZO YA BINTI YAKO KATIKA UTUNZAJI WA VYOMBO NA VIUNGO

Shikamoo Mama. Natumaini miguu imepunguza kuuma na kwamba paa la banda la kuku limezibwa. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi.

Kama ujuavyo, nilistaafu miezi minne iliyopita, baada ya kuitumikia masjala ya ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Masjala, Mama, ni chumba ambacho kila jalada lina namba yake, rafu yake na kadi yake. Katika miaka yote hiyo lilipotea jalada moja tu, na hilo alilipoteza mkurugenzi. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, wakapiga makofi. Kesho yake asubuhi nikajikuta nimekaa sebuleni na shati la kazini, sina hata mtu mmoja wa kuniuliza kitu fulani kiko wapi. Iliniuma, sifichi. Ndipo nikaenda jikoni kutafuta chumvi, nikaona kazi imenifuata nyumbani.

Jiko letu unalijua. Ni hatua nne kwa tatu. Mlango ukifunguka wote unagonga friji, na friji ikiwa wazi mlango haupiti. Watu wawili wakiwemo, mmoja ni lazima awe anatoka. Chumba cha namna hiyo hakiendeshwi kwa mazoea. Kwa heshima na taadhima, basi, naleta kwako malalamiko yafuatayo.

1. Makopo ya nyumba hii yanasema uongo. Kopo lililoandikwa maziwa ya unga lina chumvi. Lililoandikwa chumvi lina karafuu. Mkebe wa biskuti una sindano na vifungo, na kopo la aiskrimu, ambalo nililifungua kwa matumaini makubwa, lilikuwa na maharage ya juzi. Nilipomuuliza binti yako alinijibu, "Si unafungua tu unaona?" Kwa jibu la namna hiyo, Mama, mimi ningefukuzwa kazi wiki ya kwanza.

2. Vitu vinakaa "mkono unapoangukia". Hayo ni maneno yake, na anasema aliyemfundisha ni wewe. Mwiko umening'inia kwenye msumari kando ya jiko la gesi, eti mkono wa kulia unaangukia pale. Chumvi iko dirishani, eti wa kushoto unaangukia pale. Nyuma ya mlango kuna vifuniko vya sufuria na mfuko wa plastiki uliojaa mifuko ya plastiki, na hapo sikuelezwa ni mkono upi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe, Mama, samaki wako ulimkunja kuelekea dirishani.

Kwa siku tatu, peke yangu, bila posho, nililigeuza jiko kuwa masjala. Nilipima kila rafu kwa futi kamba. Kila chombo kikapata namba. Kijiko cha chai cha sita, kwa mfano, ni JK/2/6. Vitu vya kila siku nikaviweka masjala ya wazi, yaani rafu za chini. Chumvi, sukari na pilipili, kwa unyeti wake, zikaenda masjala ya siri, yaani kabati la chini ya sinki, kwa kufuli. Na kila kisichotumika siku tisini kikahesabiwa kuwa jalada mfu, kikapandishwa juu ya kabati la nguo chumbani. Kazi ilikuwa safi hata nikaita jirani aje aone. Alisema, "Hongera," akaniuliza chakula kinapikiwa wapi.

3. Binti yako hajazi kadi. Anayetoa chombo anatakiwa kuacha kadi mahali pake, ionyeshe nani kachukua, kwa sababu gani na atarudisha lini. Tangu tuanze amejaza kadi moja. Penye "Sababu ya kuchukua" aliandika: Njaa yako. Penye sahihi alichora kijiko.

4. Suala la wageni. Jumapili moja shemeji mkubwa alikuja na familia yake, jumla watu wanane. Sufuria kubwa uliyotupa siku ya harusi ilikuwa imeshakuwa jalada mfu, na kulifufua jalada mfu kunataka siku nzima. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, na ufunguo wa chumvi ulikuwa mfukoni mwangu. Wali ukapikwa kwa awamu tatu katika sufuria ya chai. Awamu ya kwanza walikuwa wanaaga wakati awamu ya tatu wananawa. Niliporudi, shemeji alimaliza sahani yake, kisha akaniuliza kwa upole kama kukosa chumvi ni ushauri wa daktari. Msimamo wangu ni kwamba makosa ni ya wageni, waliokuja bila barua.

5. Hili ndilo kubwa. Tangu siku hiyo binti yako amehama jiko. Yuko kwenye kibaraza cha nyuma na jiko dogo la mkaa, sufuria mbili, kisu, mwiko na chumvi kwenye kisosi. Anakaa kwenye kigoda, kila kitu anakifikia bila kuinuka. Jirani yetu fundi cherehani huja na kiti chake mwenyewe, na wanacheka hadi nawasikia ndani. Anasema atarudi kufuli likitoka. Mimi nimesema masjala bila kufuli ni soko. Kibarazani sijakanyaga hata siku moja, na sitakanyaga.

Ningependa ijulikane kwamba kwa wiki tatu hakuna kitu hata kimoja kilichopotea jikoni kwangu, kwa sababu hakuna kilichotolewa. Nashinda humo na kadi zangu. Hakuna harufu ya kitunguu, hakuna anayenigonga kwa kiwiko akitaka kupita. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikigongwa na kiwiko kile, na sasa nakitamani. Hali hii haivumiliki.

Kwa kuwa mafunzo ya awali yalitolewa kwako, naomba yafuatayo: (a) umpokee binti yako kwa mafunzo rejea ya miezi mitatu, (b) uniandikie barua ya kukiri kwamba mkono si utaratibu, na (c) mafunzo hayo yaanze mapema, kabla sijakonda zaidi.

Wasalimie shemeji zangu wote, wajomba, wapangaji wa uani na yule bibi anayekuletea mboga. Waambie nawakumbuka, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mtunza Masjala Mstaafu

Nakala: Shemeji Mkubwa (asamehe wali)
Jalada

Nyongeza: Mama, samahani, barua hii imechelewa siku tisa. Nilipoimaliza niliihifadhi mahali pake, na sikuiona tena. Nilipekua rafu zote na kadi zote. Mwishowe nikamuuliza binti yako, akaileta kabla sijamaliza kuuliza. Ilikuwa kibarazani, chini ya sahani yangu, maana mchana huwa napita pale kula kidogo, kwa kusimama. Akaisoma yote mbele yangu. Kisha akaingia chumbani, nikasikia begi linashushwa. Mama, nilikimbilia jikoni. Nilifungua kufuli, nikalitupa nje dirishani, nikamfuata kumwomba asiende. Nikamkuta anakunja nguo, na zilikuwa za kwangu. Anayekuja mafunzoni ni mimi. Nitafika Jumamosi kwa gari la asubuhi. Amesema unianzishe na kuosha vyombo. Pia ameikata ile miezi mitatu ikawa wiki moja, na nilipomuuliza sababu alisema nyumba itakuwa kimya mno. Tafadhali Mama, usinifelishe.