Kiraka Chini ya Bawa la Kushoto

Jumamosi, 3 Mei
Nimeduwaa. Wastaafu wa majeshi ya anga, sote wageni katika mji huu na kila mmoja na nchi yake, tulikuwa tunakunywa chai kwenye ukumbi wa maktaba. Rada akatangaza kwamba ndege yake ya kivita ilifika kilomita 2,100 kwa saa. Rada alikuwa fundi wa mabati ya ndege. Tunamwita hivyo kwa sababu hapitwi na neno. Nikasema yangu ilifika 2,300. Akauliza fundi wa magurudumu kama mimi alijuaje, maana ndege ikishapaa magurudumu hukunjwa. Watu wakacheka. Mwenyekiti, zamani mpishi wa marubani, akaamua: Jumamosi ijayo, siku ya familia, mwenye ndege iliyozipita zote ndiye atakayehutubia. Mke wangu ameshapiga pasi koti langu.

Jumatatu, 5 Mei
Nimemkuta Rada kwa kinyozi. Nikamweleza kwa upole kwamba 2,300 ni ile tuliyoruhusiwa kuitaja. Ya siri ilikuwa 2,600. Akajibu kwamba hata wao walikuwa na siri: 2,700. Kinyozi aliacha mkasi hewani. Mtu mzima, kichwa kizima mvi, kubuni siri papo hapo ili aipite yangu, ambayo mimi niliitunga tangu asubuhi!

Alhamisi, 8 Mei
Ushahidi umepatikana. Picha pekee niliyoondoka nayo nyumbani: mimi, kijana, nimesimama chini ya bawa. Nimeipeleka ikuzwe iwe kubwa kama mlango. Mke wangu kauliza picha ya ndege iliyoegeshwa itaonyeshaje kasi. Nikaenda kupima mlango.

Jumamosi, 10 Mei
Sijui nianzie wapi. Nilifunua picha mbele ya familia zote. Rada akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa bawa la kushoto. Kisha akanionyesha kiraka chenye umbo la nusu mwezi, misumari yake imekwenda upande. Akasema taratibu, ndugu yangu, hiki nilikikata mimi.

Kiraka kile nilikitazama miaka mingi nikimlaani aliyekigonga. Serikali yetu ilinunua ndege kuukuu kutoka kwao. Hilo nililijua, sikulifikiria. Nchi mbili, wakimbizi wawili, ndege moja. Tukakumbatiana, tukalia kama watoto. Mwenyekiti akauliza, basi, ilikimbia ngapi? Tuliendelea kufutana machozi. Akahutubia yeye, kuhusu kasi ya marubani mezani.

Jumapili, 11 Mei
Rada amekuja kunywa chai. Mke wangu anamwita shemeji. Tumekubaliana kwamba mashindano yamekwisha: ndege moja, kasi moja. Ameondoka akitabasamu.

Ila nimewaza. Ilipofika kwetu ilikuwa imeng'olewa mizinga. Na magurudumu niliyafunga mapya, mepesi. Kwa hiyo kwetu ilikimbia zaidi.

Nimemwambia mke wangu asilikunje koti.