Godoro la Inchi Kumi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Daftari, habari za kabatini? Sisi hapa Makanyagio hatujambo. Baba Bushra hajambo, anakohoa kidogo. Mwanetu Feisal hajambo, kaenda shule bila kunywa uji. Kuku hawajambo. Mgonjwa ni kiuno changu tu.

Na kiuno kimechagua wakati! Bushra wangu kule Inyonga anajifungua wiki ijayo, mimba ya kwanza. Nani amkande maji ya moto? Nani ambebe mtoto mgongoni arobaini nzima? Mama yake. Lakini nikiinama kuokota mwiko nabaki hukohuko. Leo mkwe mwenzangu, Mama Manyanda, kapiga simu. Eti dada pumzika, mimi nipo hapahapa. Sauti tamu! Kwao mtoto hupewa jina la bibi aliyempokea. Anajua. Nami najua.

Dawa ni godoro.

Jumanne, tarehe 5

Dukani kwa Mustapha, sokoni. Nimevua viatu, nimelala juu ya magodoro yote. Wapita njia wakatoa pole, walidhani nimezidiwa. Mustapha akasema mama, mgongo unataka gumu, chukua hili la inchi sita. Nikamwambia gumu ninalo nyumbani, ndilo limeniumiza. Jirani yangu Jeannine akadakia: bibi yake kalala kwenye mkeka hadi uzeeni na jembe hakuliacha. Wivu huo! Nimechukua inchi kumi, maua mekundu, ukikaa unazama mpaka kifuani. Nimerudi nalo kwa bodaboda, nimelikumbatia kama mgonjwa.

Alhamisi, tarehe 7

Nailoni ya dukani siivui. Godoro likishavuliwa ni la zamani, na nataka Mama Manyanda siku akija alikute jipya. Baba Bushra analalamika: eti kila akigeuka ni kelele kama anakaanga bisi. Anatoka jasho. Mimi nazama katikati, yeye ananibingirikia. Asubuhi kiuno kinawaka moto. Nimemwambia godoro bado linatuzoea. Kahamia kwenye mkeka sebuleni. Kaamka anapiga mluzi! Sijamwuliza kitu.

Jumapili, tarehe 10

Nimefanya ujanja. Nimenyunyiza unga wa muhogo juu ya nailoni ili shuka lisiteleze. Nikapanda kwa kigoda, maana godoro ni refu. Likateleza shuka, ukateleza mto, nikateleza mimi. Pu! Sakafuni. Jeannine kasikia kishindo, kaja mbio, kanikuta mweupe kuanzia kichwani. Akaita Yesu mara tatu, alidhani kaona marehemu.

Hospitali wamenikataza kusafiri wiki nzima. Muuguzi kasema nilale pagumu, tena kauliza nailoni ya nini. Binti mdogo yule, hajawahi kumiliki kitu kizuri.

Jumatano, tarehe 13

Bushra kajifungua jana. Salama, alhamdulillah. Msichana. Mama Manyanda alikuwepo. Kampokea, kamwosha, kambeba. Picha imeingia kwenye simu: yule mama kasimama wima kama mlango, na nyuma yake kakichwa kadogo kamefunikwa kanga. Jina Nyamizi. Jina lake yeye.

Nimelia, na si kwa kiuno. Mkeka ulikuwa humuhumu ndani. Ningelala juu yake tangu siku ile ya Mustapha, kakichwa kale kangekuwa mgongoni kwangu.

Jumamosi, tarehe 16

Bushra kapiga. Eti mama njoo tu, ukae kitako, tutakuwekea mtoto mapajani. Eti Mama Manyanda mwenyewe anauliza nafika lini, kazi ya kukanda inataka watu wawili. Mtu mwema kumbe! Na basi la kesho lipo.

Lakini nikifika nitalala juu ya nini? Nimelichunguza kosa langu siku tatu. Nimeliona. Inchi kumi zilikuwa chache. Mustapha kashusha la kumi na mbili, nailoni yake nene, kaapa kwamba hiyo haitelezi.

Nimemwandikia Bushra hivi: Mwanangu, nibusie Nyamizi, nisalimie mama mkwe wako sana. Kesho siji. Nasubiri lori litakalokubali kubeba godoro bila kulikunja. Pima upana wa mlango wa chumba nitakacholala, unijibu upesi, Mustapha anafunga saa kumi na mbili.