Kucha za Watasema

Jumatatu, 11 Novemba

Nimezaliwa na bahati ya mbwa. Wengine wana bahati ya mashamba, wengine ya vyeo, mimi yangu ni mbwa. Tangu nitoke tumboni mwa mama hakuna mbwa aliyewahi kuniwekea jino. Kigali walinilamba. Kampala nilikutana na mbwa amekaa kiti cha mbele cha gari, mwenye gari kakaa nyuma, na katika umati wote ule mbwa akanitingishia mkia mimi tu.

Naandika haya kwa sababu leo bahati hiyo imepata kazi. Nimetoka Omurushaka asubuhi kwa bodaboda mpaka hapa Kamuli, ukweni, dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, mapajani. Nimemfuata mke wangu. Joanitha amerudi kwao na binti yetu Evelyn, na kosa langu lenyewe dogo mno. Aliokota senene, akawachambua mbawa na miguu, akawakaanga, nikala. Kwa desturi ya huku, mume akila senene wa mkewe anamnunulia nguo. Mimi nikamwambia senene wanashuka bure kutoka kwa Mungu, na Mungu mwenyewe hajawahi kudai kitenge. Nilidhani atacheka. Alifunga mizigo.

Baba mkwe, Ta Gaudiosus, kapokea shikamoo. Kapokea rubisi. Kesi hakuipokea. Kasema hawezi kukaa kikao cha ndoa huku rafiki yake anachechemea. Rafiki yake ni Watasema, mbwa wake mzee, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya majirani. Siku hizi hazururi, analala tu, kwa hiyo kucha hazisagiki. Zimerefuka, zimepinda kama mundu, moja iko karibu kuchoma nyama ya unyayo. Na miguu hataki iguswe. Zamani mtu alimkata vibaya, damu ikatoka, mbwa hajasahau.

Nikasimama. Nikasema kesho saa nne kucha zote zitakuwa chini. Watasema alipoisikia sauti yangu akanguruma. Ta Gaudiosus akasema, huyu anakukumbuka, Cleophace. Nikauliza kahawa mwaka huu imezaa vipi.

Jumanne, 12 Novemba

Mbinu ya kwanza: nguvu. Plaizi ya kukatia waya, kamba ya mgomba ya kumfunga mdomo, mimi juu, mbwa chini. Sikukata hata ukucha mmoja. Niligusa mguu tu. Kamba ikakatika, na kikatoka kilio ambacho sijakisikia kwa kiumbe chochote. Kilianza kama king'ora, kikaishia kama mjane.

Majirani wakasikia. Huku kilio kikitoka asubuhi kwenye nyumba yenye mzee, watu hawaulizi, wanabeba. Wakaja na kuni. Wakaja na mikungu ya ndizi. Kina mama wamejifunga khanga viunoni, tayari kwa kazi. Wakamkuta Ta Gaudiosus mlangoni, mzima, anatafuna kahawa. Wengine walikasirika waziwazi. Mmoja akasema katoka mbali, hawezi kurudi na mkungu kichwani. Basi wakakaa. Wakapikiwa ndizi zao wenyewe na nusu ya rubisi yangu ikaenda. Walipochangamka wakaanza kumsifu marehemu. Marehemu akasikiliza kwa makini, akiwasahihisha hapa na pale.

Jioni kaniambia amefurahi kujua atazikwa vizuri. Ila mbwa bado anachechemea.

Jumatano, 13 Novemba

Kaja Novatus. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa Prudensia, mdogo wake Joanitha. Yuko ofisini Kayanga na nadhani miwani yake analala nayo. Kaleta kikata kucha kipya, bado kiko kwenye boksi. Akatutangazia kwamba mbwa mzee hashikwi kwa nguvu, viungo vinamuuma. Unagusa mguu kidogo, unaacha. Unagusa tena, unaacha. Kaona kwenye simu. Nikamwambia mimi nimeona Kampala, kwa macho.

Akagusa, akaacha. Akagusa, akaacha. Asubuhi nzima. Mbwa akaanza kulegea, nami nikaanza kuogopa. Ukweni huku wakwe ni wawili na sifa ni moja. Nikakohoa. Kidogo tu, vumbi. Watasema akaruka, Novatus akaanguka na kikata kucha, kikavunjika mpini. Nikampa pole ya dhati.

Joanitha alikuwa anapita na ndoo. Akasema, bila kunitazama, kwamba mwenzangu angalau alinunua kitu.

Nimekosa hamu ya chakula. Nimekula, lakini bila hamu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mbinu ya pili: rubisi. Mtu aliyelewa hasikii maumivu, na mbwa ni mtu aliyekosa kuongea tu. Nikamimina ile iliyobaki kwenye bakuli. Watasema akanusa, akanitazama kama shemasi. Nikanywa kidogo ili aone mfano. Hakuuelewa, nikarudia. Mwalimu mzuri hachoki.

Nimeamka alasiri chini ya mgomba. Watasema amelala usingizi mtamu, kichwa juu ya tumbo langu. Kucha zake zote zipo. Zangu hazipo. Za miguuni, zote, zimekatwa na kusuguliwa mpaka zinang'aa, na sikusikia kitu. Ma Kokuberwa, mama mkwe wangu, kacheka mpaka kajishikilia mlango. Joanitha kasema nilikuwa naliaibisha boma, kucha kama zile mtu angeweza kulimia maharage.

Lakini alizikata kwa upole, hata kale kadogo kalikopinda. Nimevua viatu mara kadhaa jioni hii kuzitazama. Mwanamke aliyekuacha kabisa hakukati kucha.

Ijumaa, 15 Novemba

Senene wameanguka. Alfajiri Joanitha na Ma Kokuberwa walisharudi na ndoo zimejaa. Mchana wamechambuliwa, wamekaangwa kwa chumvi, wametiwa kwenye kopo la bluu, la Ta Gaudiosus. Mimi sikupewa hata ubawa. Nikaonja mmoja, kwa ajili ya utafiti. Watasema akasikia ninavyotafuna. Mkia ukapiga chini, pu, pu, pu. Mbwa aliyenichukia siku nne akaja kukaa miguuni pangu.

Nikalichukua kopo. Nilikusudia kulirudisha.

Maji ya vuguvugu kwenye karai, miguu yake ndani, kucha zilainike. Plaizi nyuma ya mgongo. Senene mmoja, naushika mguu. Senene mwingine, naugusa ukucha kwa plaizi, sikati. Mwingine, nakata ncha tu, mbali na nyama. Akitetemeka naacha, tunaongea. Nimemweleza habari za Joanitha, kwamba nyumba bila yeye imekuwa kama stoo, kwamba Evelyn hanipigii simu ila akitaka biskuti. Ananisikiliza vizuri kuliko mwenye mbwa. Kila senene wake na mimi nilikula wangu, asijione anahongwa peke yake. Mguu wa tatu aliutoa mwenyewe. Wa nne alikuwa anakoroma.

Ile mbinu ya kugusa na kuacha ni yangu. Novatus aliiwahi tu.

Ta Gaudiosus akaja, akamwita. Watasema akainuka, akatembea mpaka kwake bila kuchechemea, akarudi, akauzunguka mti wa kahawa, akaukojolea kama kijana. Mzee akafuta macho. Kasema ni vumbi. Mvua imenyesha wiki nzima. Akaniita mwanangu. Akamwambia Joanitha alete lile kopo la bluu, tukae, tumalize kesi tukitafuna.

Kopo lilikuwa linaelea kwenye karai.

Kikao kimekuwa kifupi. Ta Gaudiosus kasema aliyekula senene humvika aliyewaokota, babu zake hawakuona haja ya kubadilisha na yeye pia haoni. Wale wa kwanza, kitenge. Hawa wa leo, kitenge. Na Watasema naye kala, ila hana mfuko, kwa hiyo chake namlipia mimi. Vikifika vitatu, Joanitha anapanda bodaboda. Nikamgeukia. Alikuwa kaziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yanacheza. Mara ya kwanza tangu nije. Kanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Baba Evelyn, usichelewe."

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Niko kitandani kwenye zahanati, Omurushaka.

Jana nilinunua kitenge. Kimoja. Kipana, chenye maua makubwa, fundi angekigawa mara tatu, nani angepima? Nikiwa dukani nikawasimulia watu habari za Watasema. Nikaongeza kidogo. Nikasema Karagwe na Kyerwa yote hakuna mbwa nisiyemkata kucha kwa mkono mmoja. Mwenye duka akasema anaye wake hapo nyuma. Ningeweza kutafuta senene. Ningeweza kuchemsha maji. Lakini watu walikuwa wameshasogeza viti.

Suruali imebaki kwa yule mbwa. Kitenge nimekivaa mimi, kutoka dukani mpaka hapa, mchana kweupe, mji umejaa. Muuguzi kanichoma sindano ya kwanza, kasema zinafuata nyingine. Anacheka akiwa kageukia dirishani, ana adabu.

Leo baada ya misa Joanitha kafika, na Evelyn, na mizigo yao yote. Kasema habari ilifika Kamuli kabla ya jua kuzama, na baba yake kacheka mpaka Watasema akaanza kubweka kwa wasiwasi. Mzee kasema mgonjwa hasubiriwi vitenge, vitafuata. Joanitha akakitazama kitenge nilichojifunga, akauliza hiki ni cha senene wepi. Nikasema hiki ni cha Watasema. Kacheka, kanigeuza vizuri, kaniwekea mto. Halafu kaweka kopo dogo mezani, senene, waliobaki kwenye ndoo ya Ma Kokuberwa. Kasema ni wa Evelyn, nisiwaguse.

Kaenda kuchota maji. Kopo sasa ni jepesi.

Kuhusu ile bahati niliyoiandika Jumatatu: uongo. Nimeng'atwa na mbwa mara tano. Wa kwanza alikuwa Watasema, siku niliyokwenda kumposa Joanitha, na palepale alipong'ata yeye ndipo alipong'ata huyu wa jana.