Chuma cha Ghala la Wanajeshi

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa uwanja wetu wa ndege anastaafu. Keshokutwa mkaguzi anakuja na ndege ya asubuhi kumchagua mrithi. Tuko wawili: mimi, mpima mizigo kwa miaka kumi na tisa, na shemeji yangu, dereva wa gari la zimamoto. Kazi yake kubwa ni kufukuza mbuzi kwa king'ora kabla ndege haijatua. Mbuzi! Mke wangu anasema kaka yake ana nidhamu. Nimenuna mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Uwanja huu ulijengwa na wanajeshi wakati wa vita, na ghala lao bado lipo nyuma ya vyoo. Nitaligeuza makumbusho, mkaguzi aone mtu mwenye maono. Nimepekua kutwa nzima. Kofia moja, nusu ya kiti, na chuma kinene kama mtungi wa gesi. Nimekipaka mafuta ya nywele ya mke wangu, kinang'aa. Sijui ni nini. Nimekibandika karatasi: BOMU LA VITANI.

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi alisoma karatasi, akarudi kinyumenyume. Akauliza kama ni bomu kweli. Ningesemaje? Nilisema ndiyo, tena kubwa. Akaamuru uwanja ufungwe. Shemeji akapiga king'ora, akawatoa abiria kwa mstari, hata akambeba bibi mmoja mgongoni. Saa kumi wakafika wataalamu wa mabomu, wakafungua mfuniko. Ndani, majani makavu ya chai. Birika la jikoni! Niliona aibu ya mwaka.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji ndiye meneja. Mke wangu amemwalika chakula cha jioni, nami nimetabasamu hadi mashavu yakauma. Amri yake ya kwanza: nisafishe ghala. Ya pili: nibandike ukutani picha waliyotuachia wataalamu, ya bomu halisi lenye mapezi mkiani. Nikiona kitu kama hicho nisikiguse, nimwite.

Ijumaa, 7 Machi
Kwenye pembe ya mwisho ya ghala, chuma kingine. Kina mapezi mkiani, kama kwenye picha hasa. Nimwite shemeji, awe shujaa mara ya pili? Thubutu. Safari hii sidanganyiki: ni birika. Nitaliweka mapokezi, abiria wanywe chai, sifa zimfikie mkaguzi. Mfuniko tu ndio umegoma. Kesho nakuja na nyundo.