Mswisi wa Tarehe Mosi Aprili

Jumapili, 12 Machi

Naiomba radhi shajara hii. Sijaandika neno tangu theluji ya kwanza. Si uvivu. Mtu aliyefunzwa sarufi seminarini kwa fimbo hawezi kuwa mvivu wa kuandika. Hukaa kimya tu pale anapokuwa hana jambo lililokamilika. Sasa ninalo.

Nimeajiri Mswisi.

Niyaweke mambo kwa mpangilio. Mwinyi wetu kijana, Arseni Lvovich, alikuja kutoka Moscow kabla ya Krismasi, akapita katika mabanda ya ng'ombe huku ameziba pua, kisha akaniita. Akasema shamba la Vyazovo limekufa. Akasema Kapitolina Frolovna, mjane wa ng'ambo ya mto, yuko tayari kununua ng'ombe wote pamoja na malisho ya bondeni. Nyumba kubwa itafungwa, naye ataishi Moscow moja kwa moja. Nikauliza, kwa heshima, msimamizi ataishi wapi. Akatazama dirishani. Nimeishi katika nyumba ya msimamizi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.

Mwishowe akalegea kidogo. Akasema kwamba iwapo siku ya Pasaka atakuta mezani jibini kama lile la enzi za baba yake, ataamini kuwa shamba bado lina uhai, na hatauza.

Enzi za baba yake! Mungu amrehemu Lev Gerasimovich. Mholanzi katika nyumba ya vioo, akiotesha mananasi huku nje mbwa wakitetemeka. Mfaransa jikoni, aliyelia kitunguu kikikatwa vibaya. Mwingereza aliyezungumza na farasi peke yao. Na mzee Abegglen, Mswisi, ambaye jibini lake lilikuwa na matundu makubwa hata Arseni mdogo akiingiza vidole na kutukimbiza nalo uani. Jioni za kiangazi waliimba barazani, kila mmoja kwa lugha yake, nami niliwasahihisha.

Basi nikamwandikia wakala wa Riga aniletee Mswisi mwingine. Jibu limefika: Bwana Anton Zurbuchen, fundi wa jibini, atashuka stesheni yetu tarehe mosi Aprili, kama nilivyoagiza.

Glikeria, mtunza nyumba, akauliza ni mosi Aprili ya nani. Akasema muuza dawa wa mjini, ambaye huagiza bidhaa kwa Wajerumani, huandika tarehe mbili, yetu na yao, kwa sababu kalenda yao imetangulia yetu kwa siku kumi na mbili. Nikamwambia kwamba kuandika tarehe mbili ni sawa na kusema ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Anayekuja Urusi atakuja kwa tarehe ya Urusi.

Akasema, "Haya, baba. Mimi ni mtu wa kabichi tu." Akaondoka akicheka. Sijui alicheka nini.

Jumatatu, 20 Machi

Leo Kapitolina Frolovna amejaribu kunifanya mjinga. Ameshindwa.

Nilikuwa langoni nikiwafundisha wanakijiji wimbo wa makaribisho. Sauti nzito zinakwenda vizuri; nyembamba zinapiga kelele kama bata. Mara likatokea barabarani jitu refu lenye masharubu ya manjano, limejitwisha sufuria kubwa la shaba kichwani kama kofia, matope mpaka magotini. Likatua mzigo mbele yangu, likasema kwa Kirusi cha kusikitisha, "Mimi Zurbuchen. Leo mosi. Kwa nini wewe hapana stesheni?"

Nikamsahihisha. Kwanza kitenzi, kisha tarehe. Nikamweleza kwamba leo ni ishirini Machi, na kwamba Zurbuchen wa kweli atashuka mosi Aprili. Akashikilia kwamba leo ni mosi Aprili. Wanakijiji wakaanza kuminyana mbavu.

Hapo nikaelewa. Mtu wa Kapitolina! Amesikia habari za Mswisi wangu, akatafuta mhuni wa kunijaribu. Nikamwita mhuni, nikamuuliza mbele ya watu wote: mtu asiyejua leo ni siku gani, atajuaje siku ambayo jibini limeiva?

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha jibini kilichofungwa kitambaani, akaninyooshea nionje. Katikati ya Kwaresima! Tangu siku ya kwanza ya mfungo hapa hakuna aliyegusa hata tone la maziwa. Tunakula uyoga na kabichi mpaka ndoto zetu zinanuka kabichi. Nikaziba pua. Nikaamuru atolewe langoni. Aliondoka polepole, sufuria kichwani, akisema maneno ya kwao ambayo nashukuru sikuyaelewa.

Nikandr, dereva wetu wa farasi, amesema alimwona darajani akipandishwa kwenye gari la Kapitolina Frolovna. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Glikeria ameniletea chakula bila kucheka. Ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 25 Machi

Sikukuu ya Kupashwa Habari. Kanisani Kapitolina Frolovna alisimama karibu nami akiwa na shali yake ya zambarau. Ibada ilipokwisha akanishika mkono wa koti, akanishukuru kwa ukarimu wangu. Nikamuuliza ukarimu upi.

Akasema, "Wa kunipa mgeni, mzee wangu. Nilikuwa nakwenda zangu stesheni kuchukua mbegu, nikakuta mtu mzima anatembea na sufuria. Siwezi kumpita mtu mwenye sufuria."

Nikasema anaweza kumbakiza. Nikasema nampa, kwa moyo wangu wote, na sitamdai kamwe. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na mashahidi walikuwepo: shemasi na mke wa shemasi.

Kapitolina akanitazama kama alivyonitazama zamani, kwenye dansi ya mwaka mpya wa Lev Gerasimovich, nilipomwambia kwamba anahesabu hatua vibaya. Alikuwa na miaka kumi na minane. Taa zilikuwa nyingi mno, hata nta ilidondoka mabegani mwa watu na hakuna aliyejali. Kwa kweli hatua alizihesabu vibaya. Lakini alicheza vizuri.

Akasema, "Hujabadilika, Yevlampi Savvich."

Nikamshukuru.

Jumamosi, 1 Aprili

Siku kuu. Nimevaa koti la bluu alilonipa marehemu Mwinyi. Limebana kidogo kifuani, vitambaa husinyaa. Tulifika stesheni mapema: mimi, Nikandr, Glikeria aliyebeba mkate na chumvi vya kumpokelea mgeni juu ya taulo lililotariziwa, na wanakijiji wenye sauti. Treni ikaja. Wakashuka padri mmoja, mbuzi mmoja, na mwanamke mwenye mbuzi.

Wanakijiji waliimba hata hivyo. Walikuwa wamejiandaa. Padri akapokea mkate na chumvi, akatubariki, akaenda zake na mkate.

Tukangoja treni ya pili. Hakushuka mtu. Mkuu wa stesheni akatoka akitafuna alizeti, akauliza tunamngoja nani. Nikamwambia. Akasema, "Mswisi? Mwenye sufuria? Huyo alikwisha kuja siku nyingi. Alikaa pale kwenye benchi tangu asubuhi akiuliza wewe uko wapi. Anasema mosi, nami namwambia ishirini, mpaka tukaelewana: kwao ilikuwa mosi, kwetu ishirini. Nikamwonyesha njia ya Vyazovo. Kwani hakufika?"

Nikandr akageuka kutazama farasi. Farasi akanitazama mimi.

Glikeria alisema neno moja tu: "Kabichi."

Ninaandika haya nikiwa bado na koti. Vifungo viwili vimetoka. Pasaka iko karibu, na Mswisi wangu yuko ng'ambo ya mto kwa mwanamke anayetaka ng'ombe wetu, nami nimemkabidhi mbele ya shemasi.

Hata hivyo nazingatia jambo moja. Nilisema tarehe ishirini, na ilikuwa tarehe ishirini.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Kapitolina Frolovna na mtungi wa asali. Mpango: kumrudisha Zurbuchen kwa upole.

Nyumba yake ya maziwa ni ndogo, lakini nilipoingia nilisahau kufunga mlango. Harufu ile ile. Maziwa ya moto, mbao mbichi, chumvi. Nilidhani mzee Abegglen atatokea nyuma ya mlango akinikoromea kwa kuacha upepo uingie. Zurbuchen alikuwa ameinama juu ya sufuria, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya maziwa, akiimba. Rafuni magurudumu matatu ya jibini, machanga bado, yakitoka jasho.

Alinikoromea kwa kuacha upepo uingie.

Kapitolina alikuwa mwungwana. Akasema Mswisi si ng'ombe, hafungwi kamba. Akitaka kurudi Vyazovo, yeye mwenyewe atampa gari. Zurbuchen akafuta mikono. Akasema atakuja, na gurudumu moja litaiva kiasi cha kuliwa Pasaka. Sharti moja. Mimi nilimwita mhuni mbele ya watu wanaoimba. Niseme mbele ya watu wale wale kwamba alifika siku yake.

Kapitolina akaninong'oneza, "Sema tu, mzee wangu. Ni maneno matatu. Nyumba yako imo humo."

Najua imo humo. Nilifikiria jiko langu, dirisha linalotazama miti aliyoipanda marehemu Mwinyi, kiti changu. Nikasimama wima. Nikafungua kinywa.

Nikamwambia kwamba alifika siku yake ya huko kwao.

Akasema hayo si maneno aliyoomba. Nikasema ndiyo maneno sahihi. Akarudisha mikono kwenye maziwa.

Kapitolina alinisindikiza mpaka darajani. Aliibeba asali mwenyewe.

Pasaka, 16 Aprili

Kristo amefufuka! Tumebusiana mara tatu na kila mtu, hata na mkuu wa stesheni. Mayai mekundu, keki ndefu, jibini tamu la Pasaka la Glikeria. Lakini jibini lile, hapana. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mwinyi: kwamba msimu ulikuwa mbaya. Nilikwisha kufunga sanduku langu moja.

Arseni Lvovich alikaa mezani, akatafuta kwa macho, hakuona kitu, akakunja kitambaa chake polepole. Mara mlango ukafunguliwa. Kapitolina Frolovna, shali ya zambarau, na nyuma yake Zurbuchen amekumbatia gurudumu. Zawadi ya jirani, akasema.

Mwinyi akakata kipande. Kulikuwa na matundu, madogo. Akajaribu kuingiza kidole, hakikuingia. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akala hali amefumba macho. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa na suruali fupi, kwamba ndilo. Bado changa, lakini ndilo.

Akauliza nani amemleta fundi huyu kutoka kwao.

Kapitolina akasema, "Yevlampi Savvich."

Mwinyi akainuka, akanikumbatia. Kisha akauliza kwa nini basi fundi anakaa ng'ambo ya mto. Glikeria akaangusha sahani. Nikajibu kwamba hilo ni suala la kalenda.

Mwinyi akajikatia kipande kingine. Akasema ng'ombe wafuate fundi, au fundi awafuate ng'ombe, hajui bado; atafikiri kiangazi chote. Wakati huo huo, kwa kuwa nina kipaji cha kuwapata wageni, je, ninaweza kumpata mtunza bustani kama yule Mholanzi wa zamani? Kama nyumba ya vioo itafufuka, huenda hata yeye asiende Moscow.

Nikasema ninaweza.

Jumanne, 18 Aprili

Nimefungua sanduku langu. Kiti kimerudi dirishani.

Nimetafakari kwa utulivu yaliyotokea, kama mtu anavyochambua sentensi iliyoharibika, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa daraja. Kama Kapitolina Frolovna asingekuwa na daraja, asingefika kwenye barabara ya stesheni, na Mswisi angelazimika kungoja njiani mpaka siku sahihi. Nimekwisha kumwagiza Nikandr aondoe mbao za daraja mwishoni mwa Juni kwa ajili ya matengenezo.

Glikeria alikuja na kalamu, akaiweka mbele yangu, akasema, "Mbili, baba. Nakuomba. Andika mbili." Nikamwambia nimekwisha kumwandikia Mholanzi mpya kupitia wakala wa Riga, na bahasha imefungwa. Atashuka stesheni mosi Julai. Tarehe moja. Safari hii nimeipigia mstari chini, na chini ya mstari nimepiga mwingine, asije akapata kisingizio.

Alasiri nilipita kwenye nyumba ya vioo. Vioo vingi vimevunjika, lakini pembeni bado kuna beseni la udongo lenye jina la nanasi moja. Lev Gerasimovich aliyapa majina. Nimelifuta vumbi. Ng'ambo ya mto Zurbuchen alikuwa akiimba, na kwa umbali ule makosa hayasikiki.

Mwinyi atakapoamua kuhusu ng'ombe, na kuhusu mimi, nitaandika hapa siku hiyo hiyo. Tarehe itakuwa sahihi.