Malalamiko Dhidi ya Vijana Wanaosoma Kilichoandikwa

Mtua, Nachingwea
7 Agosti 1956

Kwa Bwana Katibu,
Halmashauri ya Chumba cha Vitabu,
Nachingwea

Bwana Katibu,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba radhi kwa ukubwa wa herufi hizi. Si desturi yangu kumwandikia mkubwa kwa herufi za kutundikwa ukutani. Sababu yake utaikuta katika lalamiko la nne.

Mimi ni Abdala bin Nambunga. Nilisoma hadi darasa la kumi, na tangu niliporudi nyumbani nimekuwa msoma barua wa Mtua. Asiyejua kusoma huniletea barua yake barazani, nami humsomea. Sitozi kitu. Mtu hutoa anachopenda, kibaba cha ufuta au kuku, na tangu likizo hii ya kiangazi ianze watu wamegundua kwamba hawapendi kutoa chochote.

Sina ugomvi na chumba chenu. Nilikuwapo siku kilipofunguliwa, rafu zikiwa zimeundwa kwa mbao za masanduku ya vipuri vya matrekta, nikapiga makofi kama wengine. Sina ugomvi pia na vijana wa shule ya kati kukaa humo wakisoma vitabu badala ya kuzurura na manati. Tena nawasifu kwa jambo moja: kile kijitabu cha jinsi ya kufanikiwa katika kilimo cha karanga, kilichoachwa na ule mradi wa karanga ulioanguka, hawajakigusa, na hilo linaonyesha kwamba bado wana haya.

Ugomvi wangu ni juu ya shughuli aliyoibuni msimamizi wenu, Mwalimu Ildefonsi, ya kuwatuma vijana hao kila Alhamisi ya likizo waende vijijini kuwasomea barua wazee. Vijana hawa, Bwana Katibu, wanasoma kilichoandikwa.

Utauliza wasome nini kingine. Ndiyo maana naandika. Barua ni muhogo mchungu. Mwenye akili hampi mtu muhogo mchungu jinsi ulivyong'olewa. Huuloweka, huuanika, huutwanga, ndipo huupika. Msoma barua kazi yake ni hiyo. Vijana wenu wanawalisha watu muhogo mbichi. Ushahidi wote umo katika shajara yangu kwa tarehe zake, ila kwa sasa nauandika kwa kichwa.

1. Tarehe 12 Julai. Mama Klementina ana mwana aitwaye Adinani, mkata mkonge huko upande wa Lindi. Kwa miaka mitatu nimemsomea barua za mwanawe, na katika kila barua Adinani alisema, "Mama, sipeleki tonge kinywani bila kukukumbuka." Siku hiyo akaja Sikuzani, binti wa jirani yangu Mohamedi, akamsomea barua mpya. Tonge halikuwamo. Kilichokuwamo ni kwamba Adinani anataka mikorosho iuzwe apelekewe fedha, na kwamba mama asimtumie tena watu wa kumwuliza habari zake.

Mama Klementina akaja kwangu kuuliza tonge limekwenda wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba tonge nilikuwa nikilitia mimi. Nilitarajia shukrani. Badala yake akasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani, "Kumbe, Abdala, miaka mitatu yote nilikuwa nikikumbukwa na wewe!" Wanawake waliokuwa wakipepeta ufuta wakacheka mpaka wakaweka nyungo chini.

Kisha akamwamuru Sikuzani aandike jibu kwa maneno yaleyale yaliyomtoka kinywani. Mimi nisingeyaandika, mengine yalimgusa marehemu baba yake Adinani. Matokeo yake Adinani amefika mwenyewe, kabeba kanga na sukari, akakaa siku nne akimtia mama yake hasara ya wali. Kwa barua nilizokuwa nikimwandikia mimi, hakuwahi kumsumbua mama yake hata mara moja.

2. Tarehe 19 Julai. Ilikuja barua ya posa kutoka Marambo kwenda kwa Mohamedi, ikimposa Mwanaima, dada yake Sikuzani, kwa ajili ya kijana wa huko. Barua za posa za Mtua nzima nazisoma mimi, nikiwa nimesimama. Nilikwisha kutayarisha maneno: nyumba yenu ni kisima cha heshima, nasi tumekuja na ndoo iliyooshwa. Sikuzani hakunipisha. Aliifungua mbele ya wajomba zake akasoma: "Tumesikia binti ana mikono ya kulima, na mikorosho atakayorithi upande wa mama yake. Ikiwa mikorosho haipo, tujulisheni mapema tusipoteze wakati."

Mwanaima akatoka nyuma ya mlango, jambo ambalo sijapata kuliona katika posa yoyote, akasema, "Basi, wajomba zangu, wajulisheni mapema." Posa ikafia hapo. Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi karibu na sinia.

3. Tarehe 26 Julai. Tangazo la Boma lilitundikwa sokoni. Msomaji wa matangazo ni Isihaka, karani wa Jumbe, ambaye nilimfundisha kazi hii mwenyewe. Nilimfundisha kwamba akifika mahali pasipofaa kutamkwa akohoe, maana kikohozi humpa msomaji nafasi ya kutafuta neno jema. Isihaka akasoma kama kila mwaka: kila mwanamume afyeke barabara siku tatu, na siku ya nne afanye kazi shambani kwa Jumbe.

Kijana mmoja wa chumba chenu, Andrea, akasogea ubaoni na kuuliza kwa adabu zote, "Babu, hiyo siku ya nne iko mstari gani?" Isihaka akakohoa. Kijana akangoja. Isihaka akakohoa tena, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kohoa, mzee, kohoa! Huenda siku ya tano nayo ikatoka!"

Hadi leo ufuta wa Jumbe uko shambani unapasuka na kumwagika chini bila mtu wa kuuvuna. Naomba halmashauri ijiulize: kama mstari mmoja uliosomwa vibaya, yaani uliosomwa sawasawa, unaweza kumwaga shamba zima la ufuta, vijana hawa wakimaliza rafu yote itabaki nini ya kumwaga?

4. Tarehe 2 Agosti. Nilialikwa chumbani kwenu kwenye mchezo wa kuigiza wa vijana. Akatokea kijana amevaa kofia na miwani ya waya, akakalia kigoda, akaishika karatasi juu chini na kuanza kusoma mambo matamu yasiyokuwamo. Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka sana, mpaka nilipoona kwamba walioketi mbele wanageuka kunitazama. Nikasimama ili nilalamike rasmi. Miwani yangu ikaanguka kwenye saruji, na mguu ulioikanyaga ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo naweza kuandika, kwa kuwa mkono unaijua njia, kusoma siwezi.

Labda kuna atakayeuliza kama mimi mwenyewe hupenda kusomewa kwa namna ninayowasomea wengine. Swali hilo halihusu. Barua zangu, hasa zile zinazotoka Nambilanje kwa mume wa binti yangu Sofia, ambaye ana mimba ya kwanza na mwili wake si imara, huwa nazisoma mwenyewe. Si vizuri baba kusomewa habari za mwanawe na mtu mwingine. Hujui ameacha nini.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

Kwanza, vijana wafundishwe kwamba kuna kusoma kwa namna mbili, kwa kitabu na kwa watu. Kitabuni wasome kila neno wapendavyo, kwa kuwa watu wa kitabuni hawaishi Mtua na hawatakutana nao kisimani.

Pili, ikiwa hilo ni gumu, halmashauri iwaombe waandishi wa barua popote walipo watie uongo wao mapema, ndani ya barua, ili atakayeisoma sawasawa asimdhuru mtu. Na Boma liombwe kuiandika siku ya Jumbe katika tangazo, Isihaka apumzishe kifua chake.

Tatu, ikiwa hayo yote yanaishinda halmashauri, chumba kifungwe mara moja hadi mvua zinyeshe. Mvua zikinyesha vijana watakuwa shuleni, ambako kusoma hakuna madhara.

Nimeandika bila chuki. Nisalimie wajumbe wote wa halmashauri na watu wa nyumbani kwako. Msalimie pia Mwalimu Ildefonsi, umwambie kwamba kofia ya yule mwigizaji ilikuwa kubwa kuliko yangu. Barua hii anakuletea Mama Klementina, ambaye anakuja sokoni na hajui imesema nini juu yake.

Wako katika kulinda amani ya Mtua,

Abdala bin Nambunga
Msoma Barua

Nyongeza: Nilikwisha kuikunja barua hii ndipo akaja mtu kutoka Nambilanje na barua ya mume wa Sofia. Isihaka alikuwa hapa barazani, akanisomea. Amesema Sofia hajambo, mumewe hajambo, mavuno ni mema, wote wananisalimu. Basi. Lakini nimeipapasa: ni kurasa mbili, na kalamu imekandamizwa pande zote. Tena Isihaka alikohoa mara tatu. Nilipomwomba airudie, mavuno yalikuwa mema zaidi.

Kwa hiyo, Bwana Katibu, chumba kisifungwe leo. Sikuzani yuko humo tangu asubuhi. Naomba aruhusiwe kurudi pamoja na Mama Klementina sasa hivi, asingoje Alhamisi, na aje moja kwa moja kwangu kabla ya kupita kwao. Mwambieni nimekaa barazani na barua ninayo mkononi. Mwambieni asome kilichoandikwa, chote, bila kukohoa.