Picha Moja, Mtu Mmoja

Ifahamike kwa wakazi wote wa Kalundu, wa Songo, na hata wale wasiopenda kufahamu mambo, kwamba karatasi imestaafishwa kwa heshima zote. Kuanzia Jumatatu, Ofisi ya Ndoa na Mambo Yafananayo haitapokea waraka wowote mpaka ugeuzwe picha kwenye kivinjari cha simu, ukurasa kwa ukurasa.

Shefu Achille, mkuu wa ofisi hiyo, aliyasoma hayo barazani, akajipigia makofi ya kwanza ili wengine wasipate shida ya kuanza. Wazo lilikuwa lake. Alikuwa ameshuhudia kwa macho yake: unaingiza waraka wa kurasa sita kwenye tovuti, unabonyeza, zinatoka picha sita, kila moja inajitegemea. Mtu mwingine angesema ni waraka uleule umekatwa vipande. Shefu hakuwa mtu mwingine. Kama picha inajitegemea, basi ije na mtu wake, simu yake na nafasi yake kwenye foleni.

"Picha moja, muntu mumoja," alihitimisha. "Na aliyeshika picha njo mwenye picha. Udanganyifu umekwisha!"

Wa kwanza kunufaika na maendeleo haya alikuwa Émérance, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa Kalundu, aliyetaka kuolewa na Pitchou Jumamosi hiyo. Ukoo ulikwisha kuwasili kutoka Lubarika, na ukoo ukingoja harusi haungoji kula. Faili lao lilikuwa na kurasa sita, kwa hiyo Alhamisi walikuja watu sita na simu sita, nyingine za kuazima. Ukurasa wenye jina la Émérance ulikuwa kwa shangazi yake, Tantine Louise, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na chaji.

"Weye njo bibi harusi?" Shefu aliuliza bila kucheka, maana kazini hakuchekwi.

"Minye? Niko na wajukuu! Nashika tu picha ya huyu mutoto."

"Aliyeshika picha njo mwenye picha. Unakubali kuolewa na Pitchou?"

Tantine akampima Pitchou kutoka utosini hadi kwenye kandambili.

"Aah, hapana. Mama yake alishatuambiaka, huyu anakoromaka."

"Bibi harusi amekataa," Shefu alitamka, akagonga muhuri, na faili likafungwa. Émérance akaangua kilio palepale barazani, kilio cha kweli, cha mtu aliyeona mbuzi wa harusi yake wakiliwa bila harusi. Shefu hakutikisika. Mageuzi yoyote makubwa yana watu wake wa kulia.

Ijumaa ukafika ukaguzi kutoka mkoani. Mkaguzi, Mama Ushindi, alikuwa ameusoma waraka wa Shefu njiani na ukamkosha moyo.

"Mwongozo mzuri sana huu," alisema. "Tuanze na wewe mwenyewe. Barua yako ya uteuzi, tafadhali. Kwa picha."

Barua ilikuwa na kurasa mbili. Picha ya kwanza ilikuwa na jina la Shefu, ya pili cheo na saini. Makarani walikuwa wamekwenda kunywa chai tangu waliposikia neno ukaguzi. Barazani alibaki Tantine Louise tu, aliyerudi kuomba faili la Émérance lifunguliwe tena, na wachumba wenyewe wawili nyuma yake.

"Tantine," Shefu alinong'ona, akimpa simu yake ya pili, "unisaidie kushika hii."

"Iko na nini?"

"Iko na cheo tu."

Tantine akaipokea kwa mikono miwili.

Mama Ushindi akaitazama picha ya kwanza. "Huyu ni Achille. Vizuri." Akaitazama ya pili, akanyoosha mkono. "Na wewe, mama, ndiye mkuu wa ofisi. Hongera kwa kazi."

"Hapana!" Achille aliruka. "Yeye anashika tu..."

"Aliyeshika picha ndiye mwenye picha. Uliandika mwenyewe, bwana, tena kwa ufasaha."

Tantine Louise hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikikalia kiti cha Shefu, akauvuta muhuri.

"Émérance! Pitchou! Mukuje hapa. Tunafunga leo, kesho ni ya kula." Akaangaza macho barazani. "Mushahidi mumoja anakosekana. Weye Achille, karibia."

"Minye siko na cheo tena," alisema Achille kwa sauti ndogo.

"Mushahidi hahitaji cheo, baba. Anahitaji jina tu, na hilo uko nalo."